Kanbani Ikigoma: Dalili, Chanzo na Pa Kuanzia Kushika

Mwenye duka la mtaani anaijua kanbani hata kama neno lenyewe hajawahi kulisikia. Gari la soda likisimama mlangoni, swali la kwanza ni moja: una kreti tupu ngapi? Akiwa na tupu nne anashushiwa nne zilizojaa, chupa 24 kila moja, biashara imekwisha. Kreti tupu ndiyo inayosema huku zimenywewa, leteni nyingine, tena msizidishe.

Kanbani ya Toyota ni hiyo hiyo, ila kwa kadi. Kwa Kijapani neno lina maana ya kibao cha tangazo, kama kile kinachoning'inia juu ya mlango wa duka. Taiichi Ohno, aliyesimamia karakana za mashine za Toyota baada ya Vita Kuu ya Pili, alivutiwa na habari za supamaketi za Marekani: mteja anachukua anachotaka rafuni, rafu inajazwa kwa kadiri ya kilichoondoka. Alianza kulijaribu wazo hilo kabla hajaziona kwa macho. Alizitembelea mwaka 1956, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 kadi zikawa zinatumika kampuni nzima. Kwenye programu za kompyuta jambo hili lilichelewa sana kufika. David J. Anderson, mtaalamu wa kusimamia timu za programu, alianza na timu moja ya matengenezo ndani ya Microsoft mwaka 2004, akaendelea nalo Corbis, kampuni ya picha kule Seattle, na kitabu chake cha mwaka 2010 kikalisambaza.

Mimi nimekaa pande zote mbili. Nilianza kama msimamizi wa laini kwenye karakana ya kushona sare za shule, baadaye nikahamia timu ya programu. Matatizo ya huku na kule yanafanana kuliko watu wanavyodhani, na karibu yote yana mzizi mmoja: kadi ni ruhusa ya kufanya kazi, lakini watu wanaigeuza kuwa kumbukumbu ya kazi. Ndiyo maana kanbani ikigoma popote, naanza kwa kuuliza nani hapa anafanya kazi bila kreti tupu. Yaliyobaki humu ni namna ya kumtafuta.

"Kila mtu yuko bize, hakuna kinachotoka"

Hii ndiyo dalili ya timu za programu. Ubao una safu tatu: Ya kufanya, Inafanyika, Imekwisha. Safu ya kati imejaa mpaka kadi zinapandana. Watu watano, kadi 30. Ukiuliza, kila kadi ina mwenyewe, na kila mwenyewe ana maelezo.

Shika kalamu kabla hujamlaumu mtu. John Little, mtaalamu wa hesabu wa Marekani, alithibitisha mwaka 1961 hesabu moja fupi sana: wastani wa kazi zilizo ndani ni sawa na kasi ya kutoka, mara muda ambao kila kazi inakaa ndani. Timu hii inamaliza kazi 5 kwa wiki. Gawa 30 kwa 5, unapata wiki 6. Mteja aliyeomba neno moja libadilishwe kwenye risiti anasubiri kwa wastani wiki 6, ingawa kazi yenyewe ni ya dakika ishirini. Kadi zikibaki 10 na kasi ikawa ile ile, ni wiki 2. Hajaajiriwa mtu, hajakesha mtu.

Dawa yake ni kikomo: namba inayoandikwa juu ya safu, na ikifikiwa hakuna kadi mpya inayoingia mpaka moja itoke. Wengi wanateleza hapa kwa sababu kadi ya programu haiendi kama kadi ya kiwandani. Ya kiwandani inazunguka: inaondoka na boksi, inarudi, inaondoka tena, na idadi yake inajulikana. Ya programu inaandikwa mara moja, inavuka ubao, inakufa. Ukitaka andika elfu. Kwa hiyo kreti tupu ya timu ya programu ni ile nafasi iliyo wazi kwenye safu. Ubao usio na kikomo ni sawa na duka linaloshushiwa soda bila kuulizwa tupu, mwishowe kreti zinapangwa mpaka chumbani kwa kulala. Ubao wa namna hiyo unaweza kuwa orodha nzuri ya kazi, wala sina ugomvi nao, ila tusiuite kanbani.

Namba gani uanze nayo? Anza na hali iliyopo kisha kata. Kama ni 30, andika 20, msifungue kazi mpya mpaka mshuke hapo, mkishazoea punguzeni tena. Kuna wanaogawa kikomo kwa kichwa, kazi mbili kila mtu. Mimi siipendi njia hiyo. Mtu akishakuwa na mbili "zake", za jirani hazimhusu, na safu inaziba huku kila mmoja ana ushahidi kwamba upande wake uko sawa.

"Sasa nikae bure?"

Weka kikomo leo, swali hili litakufikia kabla ya siku tatu. Mwandika programu amemaliza sehemu yake. Ubao wake una pia safu ya majaribio, kikomo chake kadi 3, na zote tatu zipo.

"Nimemaliza. Majaribio pamejaa. Nichukue ipi?"

"Usichukue."

"Sasa nikae bure?"

Kwenye sehemu nyingi za kazi tulizozoea, kuonekana umekaa ni kosa kubwa kuliko kuchelewesha kazi. Basi anafanya anachofanya mtu yeyote mwenye akili: anaanza kazi nyingine kimyakimya bila kuigusa kadi yake. Ubao unaonekana msafi, kikomo kinaheshimiwa, kazi zinachelewa vile vile. Kumgundua ni rahisi. Linganisha tarehe mstari wa kwanza wa msimbo ulipohifadhiwa na tarehe kadi ilipohamia kwenye Inafanyika. Kadi ikivuka kutoka Ya kufanya hadi Majaribio ndani ya saa moja, jua ilishapikwa gizani wiki nzima.

Hasara ya kazi ya gizani niliielewa karakanani, kwa macho. Tulikuwa na fundi wa kushona mikono ya mashati mwenye kasi ya ajabu. Rundo lake lilifika kiunoni, na tulimsifu mbele za watu. Wakati huo kola hazikuwepo, kwa hiyo mashati hayakutoka. Kola zilipopatikana, viwiliwili vilikuwa vimeshakatwa kwenye jora jingine la rangi ile ile ya samawati. Ndani, chini ya taa, huoni kitu. Ukitoka na shati mlangoni kwenye jua unaona mikono ya rangi moja na kifua cha nyingine. Oda ya shule nzima. Ile mikono tuliyomsifia ikaishia kuwa vitambaa vya kufutia mashine, na yeye hakuwa na kosa. Sisi ndio tuliokuwa tunahesabu mikono badala ya mashati.

Kwa hiyo jibu la "nikae bure?" lazima liwepo kabla ya kuulizwa, tena litoke kwa mkubwa, mbele ya wote. Kwetu tulibandika karatasi ukutani: huna kadi, paka mashine mafuta, kata nyuzi, msaidie aliye mbele yako. Kwenye programu aliye mbele yako ni mtu wa majaribio. Mwandalie data, kaa naye mpitie hitilafu pamoja, andika majaribio yanayojiendesha ili kesho asifanye kwa mkono. Mkubwa akipita na kufoka "mbona huyu hana kazi?", kikomo kimekufa siku hiyo hiyo, na usihangaike kubadilisha rangi za kadi.

Boksi limekwisha, aliyepaswa kujaza hana habari

Hii ni ya kiwandani. Kola zilikuwa zinakaa kwenye maboksi, kila boksi kola 30, kila boksi na kadi yake iliyopakwa plastiki: jina la kipande, idadi, inatoka wapi, inakwenda wapi, na namba kama 3/5, yaani ya tatu kati ya tano. Siku moja laini ilisimama. Meza ya kola wanasema hawajaletewa kadi. Nikaenda kwa mama mmoja wa mashine ya kuunganisha kola.

"Shikamoo mama. Kadi ya kola namba tatu hujaiona?"

"Marahaba baba. Ipi, hii?" Akaitoa kwenye mfuko wa aproni, pamoja na bobini mbili na pipi.

"Ipo humo tangu lini?"

"Tangu jana asubuhi. Sasa ningeiweka wapi? Boksi lenu la kadi liko kule mlangoni, na mimi nina shati mkononi."

Alikuwa na haki. Tuliweka sanduku la kadi pale lilipopendeza kwa wageni, hatua kama kumi na tano kutoka kwenye mashine. Tukatoboa makopo ya maziwa, tukafunga moja kwenye mguu wa kila meza, na kijana mmoja akawa anazikusanya saa nne, saa saba na saa kumi. Kadi hazikupotea tena kwa sababu hiyo.

Zilipotea kwa sababu nyingine: hatukuwa tumekubaliana kadi inavuliwa lini. Fundi mmoja aliivua alipochukua kola ya kwanza, mwingine alipochukua ya mwisho. Tofauti ya hapo ni kola 29, karibu saa moja ya kazi. Kawaida iliyotoka Toyota ni kuivua kipande cha kwanza kinapotumika, na nashauri hivyo hivyo, maana boksi lililobaki ndilo linalokununulia muda wa kujazwa.

Zihesabu kadi kila wiki, kama unavyohesabu hela ya droo. Zikipungua, umeongeza njaa kwenye laini bila kujua. Zikizidi, ni hatari zaidi: mtu amepiga fotokopi "kwa usalama". Nimemkuta mmoja. Kadi ya fotokopi ni noti bandia; inafanya kazi vizuri kwa mwenye nayo na inaharibu soko zima.

Kadi imerudi kwa wakati, boksi bado linachelewa

Hapo tatizo liko kwenye idadi ya kadi. Hesabu yake: mahitaji ya siku, mara siku zinazotumika kujaza boksi, ongeza tahadhari kidogo, gawa kwa idadi ya boksi moja. Tulitumia kola 240 kwa siku. Kujaza, tangu kadi inapookotwa mpaka boksi linarudi, kulichukua nusu siku: 120. Tahadhari ya robo: 150. Boksi lina 30, kwa hiyo kadi 5.

Kisha umeme ukaanza kukatika. Kola inahitaji pasi, kwani kile kitambaa kigumu cha ndani kinagandishwa kwa joto. Nusu siku ikawa siku nzima, na hesabu ikataka kadi 10. Sisi tukabaki na tano zetu na kuwagombeza watu wa meza ya kola kwa uzembe. Kadi zilikuwa zinasema ukweli kuhusu umeme, tukazisoma kama zinasema kuhusu watu. Kwa hiyo kabla hujaongeza kadi, wala hujafokea mtu, pima upya muda wa kujaza kwa saa ya mkononi, siku tatu mfululizo. Mara nyingi namba uliyoiandika mwaka jana haipo tena.

Ukikuta muda haujabadilika, fungua boksi uhesabu. Boksi la 30 linaweza kuwa na 26, kwa kuwa nne zilikuwa mbovu na fundi amezitupa bila kusema. Sheria ya Toyota hapo haina huruma: kibovu hakipelekwi kwa anayefuata, na boksi likiondoka lazima liwe na idadi iliyoandikwa kwenye kadi. Tahadhari ya robo haikuwekwa kwa ajili ya kuficha kola mbovu.

Chanzo cha tatu kinatoka nje ya laini. Mtu wa mauzo analeta oda ya shule moja na anataka ishonwe yote Jumatatu. Kadi zimehesabiwa kwa matumizi ya kola 240 kila siku. Ukivuta 500 siku moja na sifuri siku inayofuata, hakuna idadi ya kadi itakayokutosha, isipokuwa urudi kwenye stoo iliyojaa uliyokuwa unaikimbia. Wajapani wanaita heijunka, kusawazisha: changanya oda ili kila siku ifanane na jana. Kanbani bila heijunka inakufa, na timu nyingi zinaanza na kadi kwa sababu kadi zinaonekana na kusawazisha hakuonekani.

"Hii ya bosi, ipite kwanza"

Dar es Salaam tunaijua njia ya mwendokasi. Gari moja la kubeba wagonjwa likipita humo, sawa. Siku madereva wote wenye haraka wakiingia, mabasi yenyewe yanakwama na barabara ya kawaida haijapata nafuu.

Weka njia ya dharura ubaoni, mstari wake wa juu kabisa, kikomo chake kadi 1. Ya pili haipandi mpaka ya kwanza imalizike, hata iwe ya nani. Anayeleta dharura achague mwenyewe mbele ya ubao ni kazi ipi iliyokuwa inaendelea itasimama, na kadi ya kazi hiyo iandikwe "imesimamishwa kwa ajili ya ile". Usimbishie bosi, mpe kalamu. Nimeona dharura tatu zikigeuka "basi, hata wiki ijayo" kwa sababu tu mwenye nazo alilazimika kugusa kadi ya mwenzake.

Hesabu dharura za mwezi. Zikiwa moja au mbili, mfumo ni mzima. Zikiwa kila siku, hizo ni kazi za kawaida zilizokosa nafasi yake: pengine hitilafu za wateja zinazofahamika kabisa kwamba zitakuja. Zitengee nafasi kwenye ubao kabla hazijaingia kwa kuvunja mlango.

Safu ya "Imezuiwa" ina kadi kumi na nne

Ifute leo. Safu hiyo ni mlango wa nyuma: kadi ikiingia humo haihesabiwi kwenye kikomo, nafasi inafunguka, mtu anaanza nyingine. Kazi iliyokwama ibaki ilipokwamia, iendelee kula nafasi yake, ibandikwe karatasi nyekundu yenye sababu na jina la anayesubiriwa. Itauma. Imewekwa ili iume. Kama kadi ni za karatasi, weka nukta ya kalamu kila asubuhi inapolala pale pale. Kadi yenye nukta tisa inajieleza kwenye kikao kuliko mtu yeyote.

Kadi zote zinahama Ijumaa mchana

Ubao ni wa kuonyesha wakubwa. Kazi halisi inagawiwa WhatsApp. Nenda kwenye kundi lenu, soma juzi na jana, utaona maombi yote ambayo hayapo ubaoni. Usianze na kuwahimiza watu wasogeze kadi. Anza na anayegawa kazi kwenye simu, ambaye huenda ni wewe. Mimi nilikuwa ndiye.

Kadi moja haisogei na nyingine zinapita mbio

Tazama ukubwa. Kiwandani boksi ni boksi, kola 30. Kwenye programu kadi moja ni "rekebisha tahajia" na jirani yake ni "mfumo mpya wa malipo". Hakuna haja ya kuzilinganisha kwa rula. Ila kadi ambayo ikikamilika hakuna mtumiaji atakayeona tofauti mpaka zikamilike nyingine sita, hiyo ni mradi uliovaa nguo za kadi. Ikate: malipo kwa njia moja tu ya simu kwanza, risiti baadaye, marejesho baadaye.

Kanbani haina kosa, ila umeipa ugonjwa wa mwingine

Kuna mambo ambayo kadi haiyawezi. Vifungo vyetu vilitoka Uchina kwa meli. Tangu kuagiza mpaka vitoke bandarini ni miezi. Ukiweka miezi kwenye ile hesabu ya kadi unapata kadi za kujaza gunia, na hapo hazikwambii lolote. Vitu vya namna hiyo tuliagiza kwa kalenda na makadirio, kama watu wote. Vilipofika stoo, ndipo tukavitoa kuelekea kwenye laini kwa kadi. Na sare zenyewe zina msimu: shule zinafunguliwa Januari, kwa hiyo Oktoba unashona kuliko unavyouza, kwa makusudi, na hapo ruhusa inatoka kwenye mpango wa msimu. Kung'ang'ania kadi wakati huo ni ushabiki.

Na usidanganywe kwamba akiba ndogo haina gharama. Tarehe 1 Februari 1997 kiwanda cha Aisin Seiki kule Kariya, Japani, kiliungua moto. Karibu vali zote za breki za aina moja zilizotumiwa na Toyota zilitoka hapo, na akiba viwandani ilikuwa ya saa chache. Viwanda vya Toyota nchini humo vikasimama karibu vyote. Vilirudi kwenye kazi baada ya siku chache kwa sababu kampuni nyingi jirani, nyingine zisizowahi kutengeneza vali, ziliingia kuzitengeneza kwa mashine zozote walizokuwa nazo. Kama huna majirani wa namna hiyo, iongeze tahadhari yako kwenye kipande kinachotoka kwa muuzaji mmoja tu. Kadi mbili tatu za ziada kwa kipande hicho hazikufanyi kuwa msaliti wa Toyota.

Hakuna dalili yoyote

Ubao umetulia, maboksi yamejaa, kikomo hakijaguswa mwezi mzima. Watu wanapenda hali hii na mimi inanitia wasiwasi. Maana yake kadi ni nyingi kuliko shida zilizopo, na shida zimelala chini yake. Ohno aliliweka hili kwenye kanuni zake za kanbani: ukipunguza idadi ya kadi, mfumo unahisi shida upesi zaidi. Toa moja. Moja tu, uiweke mahali unapoweza kuirudisha, kisha uangalie nini kinakatika kwanza.

Umeme ulipotulia, sisi tulitoa kadi namba tano ya kola. Kwa hesabu ile, kadi nne ni kola 120, matumizi ya nusu siku bila tahadhari yoyote. Siku ya pili, saa nne asubuhi, laini ikasimama. Nikadhani ni pasi mbovu. Nikaenda kusimama pale kesho yake alfajiri. Mafundi wa kola walifika saa moja na nusu, wakakaa kwenye benchi. Pasi haikuwa na moto kwa kuwa swichi kuu huzimwa usiku, na chumba cha swichi hufungwa. Ufunguo wa chumba hicho ulikuwa mmoja, ulikuwa kwenye mnyororo wangu wa funguo, na mimi nilikuwa na mazoea ya kufika saa mbili na nusu. Kila siku, saa nzima ya meza ya kola, na kadi ya tano ilikuwa inailipia bila kelele.

Tulichonga ufunguo wa pili, akapewa mlinzi. Kadi namba tano haikurudi kwenye mzunguko. Siku nilipohama kazi niliikuta bado kwenye droo ya meza.